Cheni ya taimingi inalia: kupima na kutengeneza 2AZ-FE ya Harrier, Kluger, RAV4 na Vanguard

Injini ya 2AZ-FE, lita 2.4, silinda nne, imo kwenye Harrier za ACU10 na ACU15, Harrier za ACU30 na ACU35 (ile inayoitwa tako la nyani), Kluger za ACU20 na ACU25, RAV4 za ACA31 na ACA36, na Vanguard za ACA33 na ACA38. Zote hizi sasa ni magari ya umri, na malalamiko ya wenye nazo yanafanana: asubuhi ukiwasha, upande wa puli unasikia vyuma vinagongana kama sarafu ndani ya kopo, kisha panatulia. Baadaye hapatulii.

Fundi wengi wakisikia hivyo hutamka "cheni imekwisha" na kuandika orodha ya vipuri. Kwenye injini hii cheni yenyewe mara nyingi ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Pima kwa mpangilio huu: oili, kisha mfumo wa VVT-i (unaobadilisha muda wa vali kufunguka kwa kutumia oili), kisha tenshona (kifaa kinachokaza cheni), halafu ndiyo ufikirie kufungua kava ya taimingi (kifuniko cha cheni). Hatua tatu za mwanzo hazidai kushusha sampu (karai la oili chini ya injini) wala kugusa mauntingi (vishikizo) ya injini.

Kwa nini inalia

Ukisimama upande wa puli, krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inazunguka kwa mwendo wa saa. Inaivuta cheni ishuke upande wa rediata, ambako kuna kamshafti ya vali za hewa (shafti inayozifungua vali hizo). Upande huo cheni imekazika muda wote. Ulegevu wote unabaki upande wa pili, wa ekzosi, ukutani mwa kabini. Ndiyo maana tenshona imefungwa huko nyuma. Inaisukuma reli ndefu ya plastiki iliyopinda, nayo reli inaibana cheni. Nguvu ya tenshona inatoka sehemu tatu: springi ndani yake, shinikizo la oili, na meno ya kuzuia pini isirudi nyuma.

Injini ikizimwa shinikizo la oili linaondoka, zinabaki springi na meno. Ukiwasha asubuhi, oili ina safari ya kutoka sampu kupitia pampu na filta hadi juu. Ikichelewa, au meno ya tenshona yakiwa yamelika, cheni inapiga reli na kava mpaka oili ifike.

Sikiliza kabla ya kufungua kitu

Aina ya kelele inakupa nusu ya jibu. Inayodumu sekunde moja hadi tatu baada ya gari kulala usiku kucha, kisha inakoma kabisa, inaelekeza kwenye oili inayorudi chini, tenshona, au pini ya kufungia gia ya VVT-i. Ya VVT-i ni fupi na kali zaidi, "grrr" moja, mara nyingi isiyofika sekunde mbili. Inayotokea injini ikiwa ya moto na iko silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), kisha inapotea ukikanyaga mafuta kidogo, ni dalili ya shinikizo dogo la oili. Inayosikika ukiachia mafuta kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,500 kwa dakika, moto au baridi, ndiyo ya kuogopa: hapo cheni imelegea kweli au reli imevunjika.

Ondoa kwanza washukiwa wa nje. Legeza mkanda wa nje, utoe, kisha washa injini kwa sekunde 20 au 30 tu, maana pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huohuo. Kelele ikipotea, tatizo ni tenshona ya mkanda, bearingi ya oltaneta, pampu ya maji au puli ya kompresa ya AC. Watu wamefungua taimingi kumbe ni tenshona ya mkanda inayotetemeka. Pia gonga kwa mkono, injini ikiwa baridi, bati la kuzuia joto la ekzosi. Likilegea hulia karibu vilevile.

Kama kelele ipo bado, chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye kava ya taimingi na mpini sikioni. Linganisha juu karibu na tenshona, mbele karibu na gia ya VVT-i, na chini karibu na puli. Angalia nguo na nywele zisikaribie mkanda na feni.

Mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu kutoka kompyuta ya gari) nayo iunganishwe, hata kama taa ya cheki injini haijawaka. P0011 na P0012 zinahusu kamshafti ya VVT-i kutangulia au kuchelewa kuliko inavyoagizwa, na chanzo kinachopatikana mara nyingi ni oili chafu au vali ya oili ya VVT-i. P0016 inasema krankishafti na kamshafti hazikubaliani. Hiyo ikija pamoja na kelele, acha kuendesha gari: cheni huenda imeruka jino, na kwenye injini hii vali zinaweza kukutana na pistoni.

Hatua ya kwanza: oili

Pima oili gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa kwa dakika tano au zaidi. Ikiwa chini ya alama ya chini, umepata chanzo kinachowezekana, lakini bado hujapata jibu la kwa nini imepungua. Baadhi ya 2AZ-FE, hasa za miaka ya 2006 hadi 2009, zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Mwaka 2011 Toyota ilitoa Marekani taarifa ya huduma kuhusu jambo hili, na tiba yake ilikuwa pistoni na ringi mpya. Kiwango kilichowekwa kilikuwa karibu lita moja kwa maili 1,200, yaani kama kilomita 1,900. Gari linalofika hapo halitaponywa na tenshona. Utafunga mpya, oili itashuka tena, na cheni italia tena.

Oili ikiwa nyeusi na nzito kama lami, au hujui ilimwagwa lini, badilisha pamoja na filta. Injini inachukua kati ya lita 3.8 na 4.3 ukibadilisha na filta, kutegemea toleo, kwa hiyo mimina 3.5 kwanza kisha umalizie kwa kufuata stiki. Tumia 5W-30, 10W-30 inafaa pia kwa joto la pwani. Mazoea ya kumimina 20W-50 ili "kuziba kelele" yanaleta hasara ya aina nyingine: oili nzito inachelewa kufika kwenye tenshona asubuhi, wakati ule ule cheni inapoihitaji, na inapita kwa shida kwenye vijia vyembamba vya VVT-i.

Filta isiwe ya bei ya kutupa. Filta nzuri ina vali ya mpira inayozuia oili isirudi sampu gari likilala, na isiyokuwa nayo inatosha peke yake kuleta kelele ya asubuhi. Ile ya zamani ikate kwa msumeno, ukunjue karatasi yake juu ya kitambaa cheupe. Vipande vya plastiki ya kahawia au nyeusi ni reli ya cheni inayomeguka. Chembe za chuma zinazoshikwa na sumaku zinaweza kuwa za cheni au gia. Zinazong'aa bila kushikwa na sumaku ni za bearingi, na hapo mazungumzo ya cheni yanasimama kwanza.

Dawa za kusafisha injini kwa haraka zitumie kwa tahadhari. Kwenye injini yenye tope la miaka, uchafu ukibanduka wote kwa pamoja unaziba chujio la pampu ndani ya sampu. Ni salama zaidi kubadilisha oili mara mbili au tatu kwa kilomita 1,500 hivi kila mara, tope likaondoka polepole.

Kelele ikibaki, funga geji ya mkono mahali pa swichi ya oili. Injini ikiwa ya moto kabisa, silensa isipungue baa 0.3, na kwenye mizunguko 3,000 ifike angalau baa 2.5. Chini ya hapo tafuta chujio lililoziba, pampu iliyochoka au bearingi zilizolika kabla ya kununua kipuri chochote cha taimingi.

Hatua ya pili: VVT-i bila kufungua taimingi

Vali ya oili ya VVT-i iko kwenye silinda hedi, upande wa puli. Chomoa plagi yake, upime ukinzani kati ya pini zake mbili: ohm 6.9 hadi 7.9 kwenye joto la kawaida. Itoe, uipe umeme wa betri kwa kugusisha tu, uone kama pini ya ndani inatembea na kurudi. Ikinata, ioshe kwa kisafishaji cha kabureta, isipopona, badilisha. Usisahau chujio lake dogo la wavu lililo nyuma ya bolti kubwa pembeni ya hedi. Wengi hawajui kuwa lipo. Lisafishe, uikaze bolti kwa Nm 30 (newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) ukiweka washa (ringi ya chini ya bolti) mpya.

Hatua ya tatu: tenshona

Hii ndiyo kazi inayomaliza kelele nyingi, na injini hii imemhurumia fundi: tenshona inatoka kwa nje, nati mbili. Oili ikivuja pembeni ya kava upande wa ukuta wa kabini, oringi (ringi ya mpira) ya tenshona ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Nunua tenshona kwa kutumia namba ya chasisi, ya Toyota au ya mtengenezaji anayejulikana. Tenshona ya mtumba haina maana hata kama ni rahisi. Unanunua meno ambayo yamekwisha kwenye gari la mtu mwingine.

1. Injini ipoe. Toa waya hasi wa betri, koili na plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi, na tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi) ili uone cheni na alama. Ondoa gurudumu la mbele la upande wa puli na kinga ya matope yake, gari likiwa juu ya stendi, sio jeki tupu.

2. Zungusha krankishafti kwa spana kwenye bolti ya puli, kwa mwendo wa saa tu, mpaka mfuo wa puli ulingane na 0 kwenye kava. Alama za gia zote mbili za kamshafti zilingane na alama za vifuniko vya bearingi zake. Zisipolingana kabisa, zungusha raundi moja nzima uangalie tena. Zikiwa pembeni kidogo mara zote, zote zikichelewa, cheni imerefuka. Zikiwa pembeni kwa jino zima, cheni imeruka. Katika hali zote mbili ruka hadi sehemu ya kava.

3. Bonyeza cheni kwa kidole kati ya gia mbili za juu na uangalie meno ya gia kwa tochi. Meno yaliyochongoka kama ya msumeno yanahukumu gia na cheni kwa pamoja.

4. Fungua nati mbili, uichezeshe tenshona itoke. Kuanzia hapa mpaka ya mpya iingie, krankishafti isizungushwe hata kidogo. Wala asitokee mtu wa kusukuma gari.

5. Ikague ya zamani. Ukiinua ulimi wa kufungia, pini irudi ndani kwa ulaini. Ukiuachia ulimi, pini isirudi hata ukiisukuma kwa nguvu. Ikirudi, umepata kelele yako. Angalia pia pini imetoka kiasi gani: ikiwa karibu na mwisho wake, tenshona imekuwa ikifidia cheni iliyorefuka, na kuifunga mpya kutakununulia muda tu.

6. Kwa tenshona mpya, inua ulimi, sukuma pini ndani yote, kisha tia ndoana kwenye kipini ili ibaki imefungwa. Paka oringi oili safi, ingiza, kaza nati mbili kwa Nm 9. Nm 9 ni kidogo. Nati hizi hukatwa na mikono iliyozoea bolti za magurudumu. Ndoana ikifyatuka kabla hujamaliza, toa na uifunge upya.

7. Zungusha krankishafti kidogo kinyume cha saa. Utasikia "tak": cheni imeisukuma pini na ndoana imeachia. Kisha zungusha kwa mwendo wa saa, uchungulie kwa tochi kama reli imesukumwa na pini. Isipoachia, isukume reli kwa bisibisi kuelekea kwenye tenshona.

Hatua ya saba ndiyo inayosahaulika, na matokeo yake ni mabaya kuliko kelele uliyoanza nayo. Tenshona iliyobaki na ndoana yake haibani kitu. Cheni inaruka meno injini ikiwaka.

8. Zungusha kwa mkono raundi mbili kamili, alama zirudi mahali pake. Ukikutana na kizuizi kigumu usilazimishe.

9. Rudisha tapeti kava na gasketi mpya, ukiweka silikoni kidogo pale kava ya taimingi inapokutana na hedi, pande mbili. Bolti zake Nm 11. Kabla ya kuwasha, toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta), piga stata kwa sekunde tano mara mbili ili oili ipande, rudisha fyuzi, washa.

Mlio wa sekunde chache mara ya kwanza ni wa kawaida. Hukumu inatolewa kesho yake asubuhi, gari likiwa limelala.

Hatua ya nne: kufungua kava

Unafika hapa kama alama zimechelewa, plastiki imeonekana kwenye filta, reli imelika, au tenshona mpya haikubadilisha kitu. Nunua kwa pamoja: cheni, tenshona, reli zote mbili, oili sili ya krankishafti ya mbele, gasketi ya tapeti kava, silikoni nyeusi inayohimili oili, oili na filta. Gia ya krankishafti na ya kamshafti ya ekzosi ongeza kama meno yamelika. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inakwisha haraka. Mtandikie fundi mezani karatasi ya kuwekea bolti kwa mpangilio, maana za kava zina urefu tofauti.

Kava haitoki bila kushusha sampu, na mauntingi ya injini ya upande wa puli lazima iondolewe. Kwa hiyo jeki chini ya sampu haifai hapa. Ning'iniza injini kwa boriti au krini kutoka juu, au itegemeze chini ya giaboksi kwa ubao mpana.

Bolti ya puli imekazwa kwa Nm 180. Tumia kifaa cha kushikilia puli. Ujanja wa kuegemeza spana kwenye fremu na kupiga stata umepasua puli na kuvunja mikono. Tena ukishalinganisha alama, stata inazivuruga.

Ukishatoa cheni, pima badala ya kukisia. Ivute kwa nguvu ya kilo 15 na upime urefu wa viungo 16: ukizidi mm 122.7 sehemu yoyote kati ya tatu, cheni imekwisha. Cheni ikiwa imezungushwa kwenye gia, kipenyo cha nje cha gia ya kamshafti kisipungue mm 97.3, na cha krankishafti mm 51.6. Reli ikiwa na mfuo wenye kina kinachozidi mm 1, tupa.

Gia ya VVT-i ijaribiwe sasa. Ikiwa imejifungia mahali pake, ukiishika kwa mkono isicheze kabisa. Ikicheza bila hewa kuingizwa, pini ya kufungia imelika na hiyo ndiyo "grrr" ya asubuhi. Hakuna matengenezo, inabadilishwa nzima. Bolti yake, kama ya gia ya ekzosi, ni Nm 54, na kamshafti ishikwe kwa spana kwenye sehemu yake ya pembe sita, kamwe isitegemee cheni.

Cheni ndogo ya pampu ya oili iko nyuma ya ile kubwa. Ichunguze, na uoshe chujio la pampu sampu ikiwa chini. Hapo ndipo vipande vya reli hukusanyika.

Kufunga: reli isiyosogea kwanza, Nm 9. Cheni ina viungo vyenye rangi. Kimoja kinakaa kwenye alama ya gia ya krankishafti, viwili kwenye alama za gia za kamshafti, na upande wa rediata usiwe na ulegevu wowote. Kisha reli inayosogea, bolti yake Nm 19. Kabla ya kava, rudisha bamba la sensa ya krankishafti, herufi F ikitazama nje. Likigeuzwa au kusahaulika gari haliwaki, na kazi nzima inarudiwa.

Safisha nyuso za kava na bloku mpaka zikauke kabisa, hata alama ya kidole chenye oili isibaki. Ukishapaka silikoni una dakika 3 za kuweka kava na 15 za kumaliza kukaza. Bolti za kichwa cha mm 10 ni Nm 9, za mm 12 ni Nm 21, za mm 14 ni Nm 43. Tenshona inaingia mwisho, kwa hatua zilezile za juu. Usimimine oili mpya kabla ya kupita muda wa saa mbili. Usiku mzima ni bora.

Mara kelele inapokwisha, soma kodi tena, futa, na usome baada ya kilomita 100. P0011 ikirudi bila kelele, rudi kwenye vali ya oili ya VVT-i na wavu wake. Pima oili kila wiki kwa kilomita 1,000 za kwanza na uandike kiasi ulichoongeza. Injini inayopungukiwa lita nzima ndani ya umbali huo inahitaji ringi, na hapo linganisha gharama ya kuifungua na ya injini nzima kutoka Japani. Ukichagua ya Japani, ifungulie tapeti kava hapohapo dukani, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au kwingineko, uangalie rangi ya ndani na meno ya gia kabla ya kulipa.